Gari la yadi limekufa injini hata mwezi halijaisha, wanasema nilisaini "kama lilivyo". Nina kesi au sina?

Baba_Wawili anauliza:

Wadau habari zenu, naombeni ushauri wa haraka kabla sijafanya kitu kikaja kuniponza. Nimenunua gari used yadi, sio kwa mtu binafsi, ni biashara kabisa wana ofisi wana muhuri na risiti wanatoa. Siku ya kulichukua lilikuwa safi, injini ikiwaka huisikii, nikazunguka nalo kidogo na kijana wao wa mauzo nikaridhika. Nilimuuliza kabisa, hili gari lina tatizo lolote la injini? Akasema hapana bosi, hili ni kuweka mafuta na kuondoka, na jioni yake akaniandikia wasap "injini na giaboksi viko sawa asilimia mia hutagusa kitu mwaka mzima". Meseji ninayo.

Sasa hata mwezi halijamaliza limeanza kula maji. Mwanzo nikajua ni mpira wa rejeta, baadae mshale wa joto ukawa unapanda kwenye kilima, asubuhi moshi mweupe, juzi likazima barabarani nina watoto ndani na mpaka leo haliwaki. Fundi alipofungua kifuniko cha oili akanionyesha kwa chini kimeganda uji mzito rangi ya chai ya maziwa, anasema maji yameingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi (ule mfuniko wa juu wa injini) imekwenda na hedi yenyewe huenda imepinda. Halafu akanionyesha kitu ambacho ndio kimeniumiza zaidi, ukifungua swichi bila kuwasha injini taa zote za dashibodi zinawaka kisha zinazima, ila taa ya chek injini haiwaki kabisa. Anasema hiyo lazima kuna mtu aliichezea.

Nimeenda yadi, kijana akasema lete tuangalie, bosi wao akaja akaniambia nilisaini karatasi kwamba gari linauzwa "kama lilivyo, limekaguliwa na kukubaliwa na mnunuzi" na kwamba kuchemsha kumetokana na matumizi yangu. Mwisho akasema watalitengeneza kwa fundi wao ila nilipe nusu ya gharama.

Naomba kujua, naweza kulirudisha nikapewa hela yangu yote au haki yangu ni matengenezo tu? Ile karatasi inanifunga? Na fundi wangu anataka kushusha hedi kesho asubuhi, nimwambie aendelee?

---

Spana_Kumi anajibu:

Mkuu nakujibu la mwisho kwanza maana ndio la haraka, HAPANA, hedi isishuke kesho. Mimi ni fundi na nimeitwa mara kadhaa kutoa maelezo kwenye magomvi ya namna hii, kesi nyingi zinafia hapo. Ukishafungua injini ushahidi umeshauvuruga, yule muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyeharibu na hakuna atakayeweza kuthibitisha vinginevyo.

Kwa sasa gari ikae ilipo, isisukumwe isijaribiwe kuwashwa tena, usimwage maji wala oili. Piga picha na video ya kile kifuniko cha oili, kijiti cha oili, chupa ya akiba ya maji, dashibodi yenye kilomita zinazoonekana, na ile video ya kufungua swichi taa ya injini isiwake, hiyo rekodi mfululizo bila kukata, anza na namba ya gari nje halafu ingia ndani. Betri usichomoe, gari nyingi ukichomoa betri kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, zinafutika, na humo ndani kunaweza kuwa na kodi inayoonyesha injini ilikuwa kwenye joto gani na spidi gani kosa lilipoandikwa. Tafuta fundi wa tatu, sio wako sio wao, mwenye mashine ya skana na mwenye karakana inayotoa ripoti ya maandishi yenye muhuri. Amwage kodi zote kwenye karatasi kabla hajagusa kitu.

Kuna kipimo rahisi cha gasketi ambacho hakihitaji kufungua chochote, kuna dawa ya bluu inawekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, gesi ya moshi wa injini ikiwa inapita kwenye maji ile dawa inageuka njano kwa gari ya petroli. Shida yako injini haiwaki kwa hiyo atatumia kipimo cha kusukuma upepo kwenye silinda aone kama unatokea kwenye rejeta. Vyote hivyo vinafanyika hedi ikiwa juu. Na mwambie achote sampuli ya maji ya rejeta, kama kulikuwa na dawa ya kuziba uvujaji utaona chembechembe au tope la kahawia lisilo la kawaida, hiyo maana yake mtu alijua gari inavuja akaziba ili iuzike. Gasketi inaweza kupasuka ghafla, sikatai, ila dawa ya kuziba haijiwekei yenyewe na taa haijifungi yenyewe.

---

Karani_wa_Madai anajibu:

Pole sana kaka, hasa hilo la kuzimikiwa na watoto. Nimefanya kazi ya kuandaa madai kwa miaka mingi, ngoja nikueleze ilivyo. Hujasema uko nchi gani na vifungu vinatofautiana, ila msingi nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza ni mmoja, ile sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya 1893 ndio imenakiliwa karibu neno kwa neno kwingine, Kenya iko kwenye sura ya 31, Tanzania sura ya 214.

Sheria hizo zinasema hivi, anayeuza kama biashara anachukuliwa ameahidi kwamba kitu kina ubora wa kuuzika hata kama hakuandika popote. Mtu binafsi anayeuza gari lake hayumo kwenye ahadi hiyo, kwa hiyo ukinunua kwa jirani uko peke yako zaidi. Wewe umenunua yadi, hapo uko pazuri. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kama ulikagua kitu, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Ndio maana wanakung'ang'aniza "limekaguliwa na kukubaliwa". Jibu lako ni kwamba kuzunguka na gari dakika chache hakuonyeshi gasketi inayoanza kwenda, na taa iliyofichwa haionekani kwa mnunuzi wa kawaida.

Usidanganyike pia kwamba kila ubovu wa gari used unakupa haki. Kuna kesi ya 1965 ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus, mnunuzi aliambiwa klachi ina kasoro ndogo, akakubali kulichukua kwa bei iliyopunguzwa, baadae matengenezo yakawa makubwa kuliko alivyotarajia akashitaki, akashindwa. Jaji wa Uingereza Lord Denning alisema gari la mtumba ukilinunua tegemea kasoro zitatokea siku moja, la muhimu liwe linatembea na ni salama. Kwa hiyo ukienda kulalamika bushi zimechoka na siti imechanika utajimaliza mwenyewe, na jaji akishaona unarundika vitu vidogo hata kile kikubwa anakitilia shaka. Injini kufa kabla ya mwezi ni jambo jingine kabisa, shikilia hilo peke yake.

Sasa ile meseji ya wasap usiifute, usibadili simu bila kuihamisha, iprinti. Mwaka huo huo 1965 kuna kesi ya Dick Bentley dhidi ya Harold Smith Motors, muuzaji wa magari alisema gari limetembea maili 20,000 tangu liwekwe injini mpya, kumbe ni karibu 100,000. Mahakama ikasema maneno ya muuzaji mwenye utaalamu wa magari ni sehemu ya mkataba sio porojo za biashara. Wakati 1957 kwenye Oscar Chess dhidi ya Williams mtu wa kawaida alisema gari lake ni la 1948 kumbe ni la 1939, kadi ilikuwa imechezewa na yeye mwenyewe hakujua, huyo mahakama haikumbana. Unaona tofauti, anayejua magari anabanwa na maneno yake. "Viko sawa asilimia mia" kutoka kwa yadi kwa maandishi ni mali.

Kuhusu "kama lilivyo". Inategemea sana nchi. Kenya sheria ya kuwalinda walaji ya 2012 inafanya batili kipengele kinachojaribu kufuta dhamana hizo kwa mlaji, Uingereza sheria ya 2015 vilevile muuzaji wa biashara hawezi kujivua. Marekani majimbo mengi wanaruhusu kuuza kama lilivyo, muuzaji anatakiwa tu abandike karatasi dirishani inayosema kuna dhamana au hakuna. Zile nchi zenye sheria ya zamani tupu pande mbili zinaweza kukubaliana kuondoa ahadi hizo, ila mahakama inasoma kipengele hicho kwa ukali dhidi ya aliyekiandika, na udanganyifu hakifuniki popote. Mtu aliyezima taa ya injini halafu akasema injini iko sawa hajauza gari kama lilivyo, ameuza kitu alichokificha. Hapo ndipo ripoti ya fundi ina thamani kuliko maneno yangu yote haya.

Na sasa kitu kinachoniuma kuliko vyote maana nakiona kila mara: MUDA. Haki ya kurudisha gari na kudai hela yote sio ya milele, inapotea ukikaa na gari ukilitumia bila kusema unalikataa. 1987 kuna mtu anaitwa Bernstein alinunua gari jipya, kipande cha gundi kikaingia kwenye njia ya oili injini ikashika baada ya kutembea maili 140 tu. Wiki tatu tangu alichukue. Jaji akakubali gari lilikuwa bovu, lakini akasema muda wa kulikataa ulishapita, apewe fidia tu. Wiki tatu! Uingereza baadae waliweka wazi, sheria ya 2015 inatoa siku 30 za kulikataa moja kwa moja, baada ya hapo unampa muuzaji nafasi moja ya kutengeneza kwanza, na kasoro ikionekana ndani ya miezi 6 inachukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka yeye athibitishe haikuwepo. Nchi za Umoja wa Ulaya dhana hiyo ni ya angalau mwaka mzima. Kwingine hakuna namba kuna "muda unaostahili" na hapo wewe mdai ndiye unayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Wengine watakwambia una miaka 6 ya kufungua kesi ya mkataba, ni kweli kwa Kenya na Tanzania, lakini huo ni muda wa kushitaki kwa fidia, sio muda wa kurudisha gari. Watu wanachanganya vitu hivyo viwili halafu wanakaa. Andika leo.

---

Nyota_ya_Kijani anajibu:

Nakubaliana na Karani kwa asilimia zote. Yangu ilikuwa giaboksi, ilikuwa inateleza ikipata moto, nikaenda mpaka mahakama ya madai madogo. Pale sio kama kwenye sinema, hakuna hotuba. Hakimu aliniuliza kitu cha kwanza kabisa, "ulimwambia muuzaji lini, na ulimwambia kwa njia gani?" Nilikuwa na barua pepe na nakala ya barua aliyoisaini mlinzi wao getini kwamba ameipokea, basi mambo yakaenda. Aliyetangulia mbele yangu siku ile alikuwa na shida ya gari kama yangu, kila kitu alikuwa amepiga simu tu, muuzaji akasimama akasema sikumbuki kuongea naye. Nilimuonea huruma sana mama yule, alikuwa anasema ukweli na kila mtu mle ndani aliona anasema ukweli lakini hana kitu cha kushika.

Jingine, wale yadi waliniletea karatasi nisaini kabla ya kutengeneza, iko na mstari mdogo unasema nikishalichukua gari "sitakuwa na madai mengine yoyote". Kaka usisaini kitu kama hicho. Kama watatengeneza watengeneze kwa gharama yao na uandike kwa mkono wako juu yake "napokea bila kuacha haki zangu". Na hiyo nusu kwa nusu usiikubali hata kwa mdomo, ukishalipa nusu watasema umekiri nusu ya ubovu ni wako.

---

Mtaa_wa_Saba anajibu:

Mimi nataka kuwapinga kidogo sio kwa ubaya. Sheria mmeieleza vizuri, lakini kushinda kesi ni kitu kimoja na kupata hela ni kingine. Nauza magari, sio yadi hiyo, na najua wenzetu wengine leo wana bango hili, kesho wana jina jipya na akaunti mpya, hukumu unabaki nayo kwenye faili. Kabla ya kumshitaki mtu angalia unamshitaki nani. Chukua risiti na mkataba soma jina lililoandikwa kama MUUZAJI. Yadi nyingi gari si lao, mwenye gari ameliegesha pale wanamuuzia kwa kamisheni, siku ya ugomvi watakwambia sisi ni madalali tu kamtafute mwenye gari. Kama risiti ina muhuri wao na hela iliingia kwao na hawakukwambia gari ni la mtu mwingine, wabane wao. Kama mkataba una jina la mtu binafsi, hapo kuna kazi, pengine uwaunganishe wote wawili kwenye madai. Fanya upekuzi kwa msajili wa makampuni ujue kampuni ipo na wakurugenzi ni nani, hilo halina gharama kubwa.

Swali jingine hujasema ulilipaje. Kama kuna mkopo wa benki usiache kulipa marejesho kwa hasira, benki haihusiki na gasketi, watalichukua gari na ushahidi wako wote uondoke nalo kwenye breakdown. Kama ni ununuzi wa kulipa kidogo kidogo ambapo gari linabaki mali ya mkopeshaji mpaka umalize, basi kisheria mara nyingi aliyekuuzia ni huyo mkopeshaji na barua ya malalamiko iende kwake pia, na hao hawapendi kelele, wanaweza kumminya mwenye yadi haraka kuliko hakimu.

Na kama bosi wa yadi anaonyesha dalili za kutaka mmalizane, msikilize. Kubadilishiwa gari, au kurudishiwa hela wakikata kiasi cha matumizi yako, sio kushindwa. Hata huko Uingereza kwenye magari sheria inamruhusu muuzaji kukata kwa ajili ya matumizi ukishapita zile siku 30 za mwanzo. Mwezi mmoja wa kutembelea ni kiasi kidogo.

---

Karani_wa_Madai anajibu:

Mtaa_wa_Saba umesema kweli kuhusu jina la muuzaji, nilipaswa kuanza na hapo. Makubaliano ni mazuri, ila yaandikwe, yawe na tarehe ya mwisho ya malipo na yaseme wasipolipa hiyo tarehe deni lote linadaiwa. Ahadi ya "njoo wiki ijayo" ndiyo inayokula ule muda tuliosema.

---

Baba_Wawili anajibu:

Asanteni sana ndugu zangu, nimemsimamisha fundi usiku huu huu. Nililipa yote bila mkopo, benki kwa benki, akaunti ni ya yadi, na nimeangalia mkataba muuzaji ni yadi yenyewe. Sasa hiyo barua naiandikaje, nahitaji wakili au naweza mwenyewe? Na kuna mtu ameniambia nikienda polisi kwa sababu ya ile taa wataogopa.

---

Karani_wa_Madai anajibu:

Barua ya kwanza andika mwenyewe, fupi, bila matusi na bila neno "tapeli" hata mara moja, maana hiyo barua hakimu ataisoma siku moja. Iwe hivi:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu gari lenye namba ya chesisi fulani kwa bei fulani, risiti namba fulani. Kabla na baada ya ununuzi mlinihakikishia injini iko sawa, nakala ya ujumbe wenu nimeambatanisha. Tarehe fulani injini ilizima na haiwaki, kukiwa na maji kwenye oili. Taa ya tahadhari ya injini haifanyi kazi swichi ikifunguliwa. Gari halina ubora niliolipia na kwa barua hii nalikataa. Naomba mnirudishie bei yote na gharama za kuvuta gari ndani ya siku 14, kisha mje mlichukue lilipo. Tarehe fulani saa fulani mtaalamu asiyefungamana na upande wowote atalikagua mahali fulani, mnakaribishwa kuhudhuria au kutuma fundi wenu. Msipofanya hivyo nitafungua madai bila taarifa nyingine."

Hilo la kuwaalika kwenye ukaguzi usiliruke. Wakija, wameona kwa macho yao. Wasipokuja hawawezi tena kusema ripoti ilipikwa. Peleka nakala ofisini mtu asaini amepokea aandike na jina, tuma na kwa barua pepe, tuma na wasap ile ile aliyokuandikia kijana.

Ukishalikataa usilitumie tena kwa namna yoyote. Ukilitengeneza ukaendelea kulitembelea umelikubali.

Wakili inategemea kiasi. Mahakama za madai madogo zimewekwa ili mtu ajisimamie, kwa mfano Kenya ni madai yasiyozidi shilingi milioni 1, England na Wales pauni 10,000. Gari lako likizidi kiwango cha nchi yako, lipa wakili angalau akuandalie hati ya madai, humo kuna kuchagua kama unadai kurudishiwa bei au fidia, na vizuri uombe vyote viwili kimoja kikiwa mbadala wa kingine, ili hakimu akisema umechelewa kulikataa usitoke mikono mitupu. Fidia hapo ni tofauti ya thamani ya gari zima na hili bovu, pamoja na gharama zilizotokana moja kwa moja na ubovu huo, kama kulivuta na nauli zenye risiti.

Polisi usianze nao. Kuzima taa kunaweza kuwa kosa la jinai kama itathibitika nani alifanya na kwa nia gani, lakini kutumia polisi kama fimbo ya kudai deni kunaweza kukuponza wewe mwenyewe, na mara nyingi gari linashikiliwa kituoni kama kielelezo miezi na miezi. Subiri ripoti kwanza.

---

Spana_Kumi anajibu:

Na kwenye ripoti mwambie fundi ajibu swali moja kwa maandishi bila kuzunguka, je hali hii inaweza kuwa imeanza baada ya siku ya mauzo, au dalili zinaonyesha ilikuwepo kabla? Atafute kutu na ukungu wa zamani kwenye mifereji ya maji, alama za silikoni pembeni ya hedi, kama boliti za hedi zina mikwaruzo mipya ya spana. Nyuma ya dashibodi aangalie kama taa imetolewa, imebandikwa gundi ya karatasi au waya umekatwa, apige picha kabla hajagusa. Ripoti inayosema "gasketi imeungua" tu haikusaidii, kila mtu anajua imeungua, wanachobishania ni lini.

---

Baba_Wawili anajibu:

Barua imepokelewa leo asubuhi, dada wa mapokezi amesaini na muhuri amegonga. Ukaguzi ni Alhamisi, nimewaandikia na saa. Bosi amenipigia baada ya kama saa moja sauti imebadilika, anasema kwa nini mambo ya barua tungeongea tu, nimemwambia naongea ila aniandikie. Skana tayari imetoa kodi, fundi ameprinti bila kufuta. Nitaleta ripoti ikitoka.